Kutoka Tanga hadi Moshi

Mtoto wa Usambara akisikia maneno haya, "kutoka Tanga hadi Moshi," hukumbuka reli. Wajerumani walianza kuijenga mjini Tanga mwaka 1893. Ilifika Mombo, chini ya milima ya Lushoto, mwaka 1905, na mji wa Moshi ikaufikia mwaka 1911. Lakini iko safari nyingine ya kutoka tanga hadi moshi, nayo haikupita nchi kavu. Ni safari ya manowari, yaani merikebu za vita, zilizoacha kuendeshwa kwa tanga na upepo, zikaanza kuendeshwa kwa moto na mvuke. Safari hiyo ilibadili nguvu za mataifa, na watu wa Unguja na wa pwani nzima waliyaona mabadiliko yake kwa macho yao.

1. Siku za upepo

Watu wa pwani wana methali isemayo, "Dau la mnyonge haliendi joshi." Kwenda joshi ni kwenda karibu na kuukabili upepo. Chombo huinama upande, kamba hulia, na maji huruka juu ya ubavu. Kazi hiyo yataka chombo imara, tanga zima, na mabaharia wengi wenye nguvu. Mnyonge mwenye dau bovu hawezi kushindana na upepo. Hana budi kungoja mpaka ugeuke.

Lakini hata mwenye nguvu alikuwa na mpaka wake. Hakuna tanga liwezalo kukipeleka chombo moja kwa moja mahali upepo utokako. Katika bahari ya Hindi kaskazi huvuma tangu Novemba hata Machi, nayo huleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kisha kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba, nayo huvirudisha. Aliyechelewa kutweka tanga msimu ukampita, alikaa ugenini miezi mingi.

Wakati Kimweri ye Nyumbai alipotawala Usambara kutoka mji wake wa Vugha, Seyyid Said bin Sultan alitawala Oman na Unguja. Mali yake ilitoka katika karafuu, pembe za ndovu, na pia katika jasho na biashara ya watumwa. Nguvu yake ilikuwa baharini. Merikebu zake kubwa zilijengwa Bombay kwa mbao za msaji, mti mgumu usioliwa upesi na wadudu wa baharini. Bombay ulikuwa chini ya Waingereza, lakini mafundi wake walikuwa Wahindi, na kazi yao ilisifiwa duniani kote.

Mwaka 1826 ilishushwa majini huko Bombay manowari yake iitwayo Liverpool, yenye mizinga 74. Mwaka 1836 Seyyid Said aliitoa manowari hiyo zawadi kwa mfalme William wa Nne wa Uingereza, nayo ikaingia katika jeshi la bahari la Waingereza kwa jina la Imaum. Mwaka 1840 merikebu yake nyingine, Sultana, ilisafiri hata New York katika Marekani, ikiwa na Ahmad bin Naaman, mjumbe wake.

Mwanafunzi na alifikiri jambo hili. Mtawala wa Unguja alikuwa na manowari nzuri hata akaweza kumpa mfalme wa Uingereza moja kuwa zawadi. Yawezekanaje? Kwa sababu katika siku za tanga, vitu vilivyohitajiwa kuendesha manowari vilipatikana katika bahari ya Hindi yenyewe. Mbao zilikuwako, kamba zilikuwako, vitambaa vya tanga vilikuwako, na mafundi wa kuunda na kukarabati walikuwako. Upepo nao ulimvumia kila mtu bila malipo.

2. Birika lililoshinda upepo

Wakati wa kipupwe, baridi iingiapo katika nyumba za Lushoto, watu hukaa karibu na mafiga na kutazama birika likichemka. Kifuniko chake hutikisika na kulia. Kinachokitikisa ni mvuke. Kikombe kimoja cha maji, kikigeuka mvuke wote, chaweza kujaza vikombe zaidi ya 1,600. Mvuke huo ukifungiwa mahali padogo, hutafuta njia ya kutoka kwa nguvu nyingi. Nguvu hiyo ndiyo iendeshayo mtambo wa mvuke.

Katika merikebu ya moshi maji hutiwa ndani ya tangi kubwa la chuma lililofungwa pande zote, na moto wa makaa ya mawe huwashwa chini yake. Mvuke hupita katika bomba ukaingia katika silinda. Ndani ya silinda mna pistoni, yaani kizibo kizito cha chuma kiwezacho kwenda na kurudi. Mvuke huingia upande mmoja ukaisukuma pistoni mbele. Kisha huingia upande wa pili ukairudisha. Pistoni imefungwa kwa mkono wa chuma, nao huugeuza mwendo wa kwenda na kurudi uwe mwendo wa kuzunguka. Atakaye kuelewa na amtazame fundi cherehani: mguu wake hupanda na kushuka tu, lakini gurudumu la cherehani huzunguka.

Katika merikebu za kwanza za moshi mtambo ulizungusha magurudumu mawili makubwa yenye makasia, moja kila ubavu. Kwa kuchukua abiria yalifaa sana. Lakini wakuu wa manowari waliyatilia shaka, na shaka yao haikuwa ya ujinga. Magurudumu yalichukua mahali pa mizinga ubavuni. Yalikuwa wazi kwa adui, na kombora moja liliweza kuyavunja, merikebu ikabaki kama kuku aliyevunjika mguu. Tena mitambo ya siku zile iliharibika mara kwa mara, nayo ilikula makaa mengi mno. Upepo hauli kitu.

Dawa ya magurudumu ilikuwa rafadha. Hiyo ni kama pangaboi la chuma, nayo hukaa chini ya maji nyuma ya tezi, mahali ambapo si rahisi kombora kuifikia. Mwaka 1845 Waingereza walizishindanisha manowari mbili: Rattler yenye rafadha, na Alecto yenye magurudumu. Zilifungwa kamba tezi kwa tezi, kila moja ikavuta upande wake. Rattler iliikokota Alecto kinyumenyume, hali magurudumu ya Alecto yakizunguka kwa nguvu zote.

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1850 Wafaransa walishusha majini Napoléon, manowari kubwa ya mizinga 90, iliyoundwa tangu mwanzo kwa kutumia mvuke na rafadha. Mwaka 1859 walishusha Gloire, yenye mwili wa mbao uliovikwa mabamba ya chuma. Mwaka 1860 Waingereza walijibu kwa Warrior, yenye mwili wa chuma wenyewe. Hata hivyo Warrior ilikuwa bado na milingoti mitatu na matanga yake, kwa maana makaa yakiisha katikati ya bahari, mtambo ulio bora kabisa si kitu ila mzigo. Mwaka 1871 ilishushwa Devastation, manowari kubwa ya Waingereza isiyokuwa na matanga kabisa. Nahodha wake hakuutegemea upepo tena.

Basi je, hakutegemea kitu chochote? La. Alitegemea makaa. Ndiyo maana mataifa yenye manowari za moshi yalitafuta bandari za kuwekea makaa katika kila bahari. Waingereza waliutwaa mji wa Aden mwaka 1839, ukawa kituo chao kikubwa cha makaa katika njia ya Bara Hindi. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, merikebu za moshi zilipata njia fupi kutoka Ulaya, lakini merikebu za tanga zilipata taabu kuitumia kwa sababu ya pepo za bahari ya Sham.

3. Moshi katika bandari ya Unguja

Watu wa Unguja waliona mabadiliko haya katika bandari yao wenyewe. Mwaka 1866 Sultani Majid bin Said alinunua merikebu iliyokuwa na historia ya ajabu. Ilijengwa Glasgow katika Scotland mwaka 1863, ikaitwa Sea King. Mwaka 1864 majimbo ya kusini ya Marekani, yaliyokuwa yakipigana na yale ya kaskazini, yaliinunua kwa siri na kuiita Shenandoah, nayo ikakamata merikebu 38 za adui zao. Ilikuwa na milingoti mitatu na mtambo wa mvuke pia. Upepo ukiwa mwema, rafadha yake ilipandishwa juu isizuie mwendo. Upepo ukianguka, iliteremshwa na moto ukawashwa. Vita vilipokwisha iliuzwa, na Sultani akaipa jina la El Majidi.

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kuu iliipiga Unguja. Iling'oa mikarafuu, ikabomoa nyumba, ikazitupa ufukoni merikebu za Sultani, na El Majidi miongoni mwao. Sultani Barghash bin Said, ndugu yake Majid, alikuwa amekalia kiti mwaka mmoja na nusu tu. Baadaye aliagiza merikebu mpya kutoka Dumbarton katika Scotland. Ilimalizika mwaka 1878, ikaitwa Glasgow, kwa mfano wa manowari ya Kiingereza yenye jina hilo. Ilikuwa na mifupa ya chuma na mbao za msaji, milingoti mitatu, mtambo wa mvuke na rafadha, na mizinga midogo saba.

Ilikuwa merikebu ya kupendeza. Lakini tofauti yake na merikebu za Seyyid Said ilikuwa kubwa. Tanga likipasuka, mshonaji wa Unguja alilishona. Ubao ukioza, seremala wa Unguja alitia mwingine. Lakini pistoni ikivunjika, nani angesubu nyingine? Unguja haikuwa na machimbo ya makaa, wala tanuru za kuyeyushia chuma kingi, wala shule za kufundishia wahandisi. Fedha za karafuu ziliweza kununua merikebu. Hazikuweza kununua kwa siku moja maarifa yaliyoiunda. Basi Glasgow ilikaa nangani mbele ya jumba la Sultani miaka mingi.

Wakati huo mafundi wa Ulaya hawakulala. Zamani manowari ya tanga iliweza kufanya kazi miaka hamsini bila kuaibika mbele ya iliyo mpya. Sasa manowari ya miaka kumi ilikuwa kikongwe.

4. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid, mwana wa Barghash, aliingia katika jumba na kujitangaza Sultani. Waingereza, ambao Unguja ilikuwa chini ya himaya yao tangu mwaka 1890, walimtaka Hamoud bin Mohammed. Walimwambia Khalid atoke kabla ya saa tatu ya asubuhi tarehe 27. Yeye alikataa. Bandarini palikuwa na manowari tano za Kiingereza, zote za moshi: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow.

Saa tatu ilipopita kidogo mizinga ilianza kulia. Glasgow, yenye mizinga yake midogo, iliipiga St George, manowari kubwa ya chuma. Ushujaa wa watu wake haukupungua, lakini ushujaa haugeuzi mbao kuwa chuma. St George ilijibu, na Glasgow ikatobolewa ikazama palepale nangani. Mabaharia wake waliokolewa na mashua za Waingereza. Kwa muda wa dakika 40 hivi vita vyote vilikuwa vimekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid walikufa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Maji ya bandari hayakuwa na kina kirefu. Mwili wa Glasgow ulilala chini, lakini milingoti yake mitatu ilibaki imesimama juu ya maji. Kila aliyeingia Unguja kwa chombo aliiona, mpaka mabaki yake yalipoondolewa mwaka 1912.

Tangu mwaka 1836 hata mwaka 1896 ni miaka 60. Mwanzoni mwa miaka hiyo mtawala wa Unguja alimpa mfalme wa Uingereza manowari. Mwishoni mwake manowari za Uingereza ziliizamisha merikebu ya Unguja, nayo ilikuwa imenunuliwa huko huko Uingereza. Watu wa Unguja hawakuwa wamepungukiwa akili wala moyo. Bahari ilikuwa imegeuka, na kilichohitajiwa kwenda joshi hakikuwa tena tanga, bali makaa, chuma na shule.

5. Mwenye mtambo naye hufungwa na mtambo

Hata hivyo asidhani mtu kwamba mwenye mtambo hana bwana. Vita vikuu vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa na manowari katika pwani ya Afrika ya Mashariki, jina lake Königsberg. Waingereza nao walikuwa na manowari ya zamani kidogo, Pegasus. Mitambo ya Pegasus ilihitaji kusafishwa na kutengenezwa. Birika likitumika sana huota ukoko ndani na masizi nje. Ndivyo yalivyo na matangi ya merikebu, nayo hayasafishwi mpaka moto uzimwe. Basi Pegasus ilitia nanga Unguja. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliijia ghafula. Pegasus haikuweza kukimbia wala kugeuka, nayo ikapigwa ikazama. Watu wake zaidi ya 30 walikufa.

Lakini ushindi huo haukudumu. Mtambo wa Königsberg nao uliharibika, na makaa yalikuwa haba. Ikajificha katika mikono ya mto Rufiji, katikati ya mikoko. Vipande vizito vya mtambo vilifunguliwa, vikakokotwa na wachukuzi wa Kiafrika kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, vikatengenezwa katika karakana, kisha vikarudishwa. Historia imeandika jina la nahodha, Max Looff. Majina ya wachukuzi wale haikuyaandika, ingawa pasipo mabega yao mtambo usingepona.

Mtambo ulipona, lakini makaa hayakufika. Mwezi wa Aprili 1915 merikebu iitwayo Rubens, iliyoletea Königsberg makaa na silaha, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth, ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini ya mji wa Tanga. Silaha nyingi ziliokolewa na jeshi la nchi kavu, lakini makaa hayakuifikia Rufiji kamwe. Tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili za Kiingereza zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kuiangamiza Königsberg.

Zilipita siku nyingine tena, na makaa nayo yakaachwa. Manowari zikaanza kuchoma mafuta. Leo ziko manowari na nyambizi zinazotumia nguvu za atomi. Na jambo la ajabu ni kwamba nguvu hizo nazo huchemsha maji, na mvuke ndio uzungushao mitambo. Birika la mafigani bado linasafiri chini ya bahari.

6. Mafunzo

Mashua za tanga hazijatoweka. Majahazi na ngalawa bado huonekana katika pwani ya Tanga na Unguja, na mwenye kuyajua maji na pepo bado ana heshima yake. Lakini somo la safari hii ni kwamba kila nguvu mpya huleta utumwa wake mpya. Mwenye tanga aliungoja upepo. Mwenye mtambo alingoja makaa na fundi. Atakayekuwa huru zaidi ni yule ajuaye kukitengeneza na kukilisha kile anachokitumia. Anayenunua tu, humtegemea muuzaji siku zote, na muuzaji si rafiki kila siku.

Dau la mnyonge haliendi joshi. Lakini unyonge si kabila wala rangi, wala hauzaliwi na mtu. Hupungua pale mtoto ajifunzapo hesabu kwa bidii, na fundi ayafunguapo mashine kwa uangalifu na kuyafunga tena bila kubakiza hata msumari mmoja.

MASWALI

1. Maana ya kwenda joshi ni nini? Kwa nini dau la mnyonge haliwezi?
2. Eleza jinsi mvuke uizungushavyo rafadha. Tumia mfano wa birika na wa cherehani.
3. Kwa nini wakuu wa manowari hawakuyapenda magurudumu?
4. Kwa nini Warrior ilikuwa na matanga ingawa ilikuwa na mtambo?
5. Linganisha manowari ya mwaka 1836 na merikebu ya mwaka 1896. Ni kitu gani kilichobadilika Unguja, na ni kitu gani ambacho hakikubadilika?
6. Taja kifaa kimoja kitumiwacho kijijini kwenu ambacho hakuna mtu wa kijijini awezaye kukitengeneza. Kikiharibika, watu hufanyaje?